Pambo la Krismasi la Kutarizi Linapoanguka, Kupinda au Kufumuka: Chanzo na Tiba Yake

Baba Krismasi wa sentimita 15 kwa 10, aliyetariziwa kwenye kanvasi, kile kitambaa kigumu cha matundu, yenye matundu 18 kwa inchi, ana mishono zaidi ya 7,500. Hizo ni jioni nyingi za mtu kukaa chini ya taa na sindano butu mkononi. Kisha anafika hatua ya mwisho, ya kuigeuza ile picha bapa iwe pambo la kusimama mezani, na ndani ya saa moja kazi inaharibika.

Mimi ni mtu wa Tanga, ila ninaishi Marekani, ambako kutarizi kanvasi iliyopakwa rangi kuna wapenzi wengi. Kazi yangu ni kumalizia: watu hutarizi, mimi nashona mgongo, najaza, naweka kitako. Naletewa pia yale ambayo wenyewe walijaribu kuyamalizia nyumbani yakawakwamisha, na kila msimu naona makosa yaleyale. Nimeyapanga hapa kwa dalili, jinsi wenye kazi wanavyoyaeleza wanapofika mlangoni. Katika kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi.

Kwanza tuelewane kwa majina. Uso ni kanvasi iliyotariziwa. Mgongo ni kitambaa cha nyuma. Kiini ni kilichojazwa ndani. Kitako ni sehemu ya chini inayokanyaga meza. Pembezoni mwa uso kuna ukingo wa kanvasi tupu, na huo ukingo ndio bima yako. Usiukate mpaka umenyoosha kanvasi, umepima, na umepiga mishono ya kuuzuia usifumuke. Karibu kila pambo nililoshindwa kuliokoa lilikatwa mapema.

"Halisimami. Linaanguka au linaegemea upande mmoja."

Hili ndilo linaloongoza. Kabla hujafumua chochote, lisimamishe juu ya kioo au sinia bapa. Usilipimie juu ya kitambaa cha meza chenye nyuzi nene, maana hapo hata pambo zima huyumba. Kisha sukuma kipande cha karatasi chini ya kitako kutoka kila upande. Karatasi ikiingia pande zote na kugota katikati, kitako kimefanya tumbo. Ikiingia upande mmoja tu, mshono wa upande huo umepanda juu kuliko mwenzake. Isipoingia popote na pambo bado linaanguka, tafuta kosa kwenye uzito au upana.

Mara nyingi kosa ni uzito. Mtu amejaza pamba kuanzia kofia hadi miguu, akafunga. Pamba peke yake haina uwezo wa kushikilia kitu kwenye meza. Fumua mshono wa kitako kiasi cha kupitisha vidole viwili, toa pamba ya chini, weka kifuko cha kitambaa chenye uzito ndani yake, kikae chini kabisa, kisha pamba irudi juu yake. Kwa pambo la sentimita 15 mimi hutumia gramu 100 hadi 150. Gololi za kioo zinafaa, washa za bolti zinafaa, kokoto zilizooshwa na kukaushwa vizuri zinafaa. Lazima viwe ndani ya kifuko chao, la sivyo vitahama na kuzama kwenye mkono wa Baba Krismasi.

Usitumie mchele wala maharage: ndani ya mwaka utakuta fukusi, na panya watatoboa kitambaa kuufuata mchele. Usitumie mchanga wa pwani, kwa sababu chumvi yake huvuta unyevu na unyevu huo huacha alama kwenye kitambaa. Na hizi chubwi za wavuvi, ambazo wa pwani tunazo nyumbani na ambazo kweli zina uzito mzuri, ziache. Ni madini ya risasi, na risasi ni sumu. Pambo la Krismasi ndilo kitu cha kwanza mtoto anachokishika na kukitia mdomoni.

Chanzo cha pili ni kitako chenye tumbo. Nilishawahi kutengeneza Mamajusi watatu na ngamia wao kwa ajili ya hori la familia moja. Mamajusi walisimama wima, ngamia akawa analala kila nikimweka. Niliongeza uzito mara mbili, bado. Mwishowe nikampindua, nikabonyeza kitako kwa kidole gumba, kikaingia ndani kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nilikuwa nimekata kitako kwa boksi la kawaida, halafu nikampitishia mvuke wa pasi kumsawazisha miguu. Boksi likanywa mvuke, likalainika, pamba ikalisukuma nje. Tangu siku hiyo kitako nakikata kwenye plastiki ngumu. Mfuniko wa ndoo ya aiskrimu unatosha. Kata kidogo kuliko kitambaa cha kitako, milimita 2 kila upande, uikate pembe zake ziwe za mviringo zisitoboe, kisha iweke kati ya kitambaa na kile kifuko cha uzito.

Kama tatizo ni uso na mgongo kutolingana, pima kwa rula kutoka kwenye mshono wa kitako hadi kileleni, mbele na nyuma. Tofauti ya milimita 3 tu inatosha kuliinamisha pambo refu na jembamba. Dawa yake ni kufumua kitako chote na kukishona upya baada ya kukibana kwa pini, siyo kuongeza uzito upande wa pili. Uzito wa kufidia hulifanya pambo lisimame leo na kuinama wiki ijayo, pamba ikishatulia.

Mwisho kabisa angalia upana. Chukua pambo la sentimita 15 lenye kitako chenye kina cha sentimita 5 kutoka mbele hadi nyuma. Kama uzito wake umetawanyika sawa mwili mzima, kitovu cha uzito kiko juu sentimita 7.5, na pambo litaanguka likiinamishwa digrii 18 hivi. Ukishusha kitovu hicho hadi sentimita 4 kwa kuweka uzito chini, litavumilia hadi digrii 32. Kwa hiyo uzito husaidia sana, lakini kitako chenye kina cha sentimita 2 hakiokoki kwa uzito wowote unaoingia humo. Hapo tengeneza kibao chembamba cha mbao, kikubwa kidogo kuliko kitako, ulishonee pambo juu yake kwa kupitisha uzi kwenye matundu mawili. Linapendeza vilevile, na wengi hudhani lilikusudiwa hivyo.

"Limepinda. Mraba umekuwa mshazari."

Lishike mbele yako kabla halijashonwa mgongo. Kama nguzo za nyumba zimelala, au mti wa Krismasi umeegemea kulia, kanvasi yenyewe imevutwa. Sababu kubwa ni aina ya mshono. Mishono mifupi ya mshazari inayokwenda safu kwa safu, kushoto kulia, huvuta kanvasi upande mmoja mamia ya mara. Ile inayokwenda kwa ngazi za mshazari, ambayo ukiigeuza nyuma unaona imesukana kama mkeka, huvuta kidogo sana. Sababu ya pili ni mkono mzito, na ya tatu ni kutarizi bila fremu.

Jaribio rahisi: shika kwa mikono zile pembe mbili zinazokabiliana kimshazari ambazo zimesogeleana, uzivute zitengane, kinyume cha mpindo. Ikirudi kwenye mraba hata kwa sekunde, itanyooka. Kunyoosha ni hivi. Chora mraba wa vipimo sahihi kwenye karatasi kwa kalamu isiyochuja, uiweke juu ya ubao laini unaopokea pini, ufunike kwa plastiki angavu. Lowesha upande wa nyuma wa kanvasi kwa sponji, iwe na unyevu isitiririke maji. Bana kwa pini zisizoshika kutu, kila sentimita 2, kwenye ukingo mtupu tu, ukianza na pembe nne kisha katikati ya kila upande. Uso uangalie chini kama mishono yote ni bapa. Kama kuna mishono iliyoinuka au shanga, uangalie juu. Acha ikauke kabisa, siku moja au mbili, mbali na jua. Kazi iliyopinda sana huhitaji kurudiwa mara mbili au tatu. Ukiitoa ikiwa na unyevu wa katikati, itarudia mpindo wake mbele ya macho yako.

Kanvasi ni pamba iliyokazwa kwa dawa ya kuifanya ngumu, na maji huilegeza dawa hiyo kwa muda. Ikikauka ikiwa imebanwa, hukaza upya katika umbo uliloipa, kama kofia ya viua inavyotiwa wanga na kukaushwa ikiwa imevalishwa kitu cha duara. Ndiyo maana hatuioshi kwa kuilowanisha ndoo nzima: dawa yote hutoka na kanvasi inabaki tepetepe. Ikishakuwa tepetepe, ibandike nyuma ile gamu ya kupigia pasi wanayoweka mafundi cherehani kwenye kola. Wanga wa muhogo utaikaza pia, lakini huita wadudu, na mimi siuweki ndani ya kitu kinachokaa kabatini miezi 11.

Usiloweshe chochote kabla hujapima rangi. Soma sehemu inayofuata kwanza, hata kama una haraka.

"Rangi imechuja. Ndevu nyeupe zimekuwa za waridi."

Hapa naomba mtu anisikilize vizuri, kwa sababu ndilo kosa linaloniumiza zaidi kuliko yote.

Vinavyochuja zaidi ni uzi mwekundu, uzi wa hariri uliotiwa rangi kwa mkono, na alama za kalamu alizochora mtu chini ya mishono. Mara chache ni rangi ya kanvasi yenyewe. Kipimo kinachukua dakika tano: lowesha kipande cha pamba nyeupe kwa maji baridi, ukibonyeze nyuma ya kila rangi iliyokolea kwa nusu dakika, ukiangalie. Kikitoka cheupe kwa rangi zote, endelea na sponji. Kikitoka na rangi hata hafifu, kazi hiyo inanyooshwa kikavu, kwa pini na subira, au inapelekwa kwa fundi.

Kama imeshachuja na bado imelowa, usiiache ikauke na usiipige pasi. Joto huikaza rangi mahali ilipohamia. Iweke bapa, ipitishe maji baridi yanayotiririka, kutoka nyuma kwenda mbele, mpaka maji yatoke meupe, kisha ilaze juu ya taulo nyeupe na ubadilishe taulo kila inapolowa. Usikamue. Usisugue. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo usiikaribishe kabisa: huyeyusha sufu na hariri, na uzi unakatika mkononi.

Simama hapa kama imeshakauka na doa lake, kama uzi ni hariri, au kama kazi ni ya mtu aliyefariki na huwezi kujua alitumia nyuzi gani. Kufumua mishono michache yenye doa na kuitarizi upya kunawezekana kwa uzi wa pamba. Zaidi ya hapo mpe mtu mwenye uzoefu wa nguo za kale.

Kuna alama nyingine inayofanana na kuchuja lakini siyo. Ile kalamu ya buluu ya mafundi inayofutika kwa maji, ikipigwa pasi kabla ya kufutwa, hukaza na haitoki tena. Futa kwanza kwa maji baridi, ndipo pasi iguse. Na pasi yenyewe iguse nyuma tu, juu ya taulo, bila kukandamiza. Uzi unaometameta kama dhahabu una plastiki ndani yake na hunyauka kwa joto.

"Kanvasi nyeupe inaonekana kwenye mshono."

Mstari mweupe kuzunguka pambo una maana moja mara nyingi: mshono wa cherehani umepita nje ya mishono ya kutarizi. Geuza kwa ndani na utaona. Ukiwa bado na ukingo wa kutosha, piga mashine mstari mwingine, uzi mmoja wa kanvasi ndani ya mpaka wa kutarizi. Huo uzi mmoja hauonekani ukipotea, ila mstari mweupe hupotea nao. Endesha gurudumu la cherehani kwa mkono kwenye kona, usikanyage pedali.

Chanzo cha pili ni kutoongeza safu za mshono. Kazi itakayosimama inahitaji safu 2 za ziada kuzunguka umbo lote, kwa rangi ileile ya pembeni, ili cherehani iwe na kitu cha kula. Wanaochora kanvasi hawaziweki kila mara. Ukigundua mapema, zitarizi sasa, hata kama mgongo umeshakatwa. Ukigundua mwisho, funika mstari kwa kamba ya pembeni iliyosokotwa kwa nyuzi zilezile, au zungushia ukingo mishono ya kukunja kwa mkono, uzi ukipanda mbele na kushuka nyuma.

Nyeupe inayotokeza katikati ya uso ni jambo jingine: uzi ulikuwa mwembamba au umekazwa mno. Kwenye matundu 18 nyuzi 3 hadi 4 za pamba kati ya zile 6 nyembamba zinazounda uzi mmoja wa kutarizi hutosha. Kwenye matundu 13 tumia zote 6. Kurudia eneo zima ni kazi kubwa isiyo na lazima. Gusa yale matundu kwa rangi ya akriliki inayofanana, kwa brashi nyembamba karibu kavu, na ujaribu kwanza kwenye ukingo.

"Mshono umeachia, nyuzi zinafumuka."

Angalia ni nini kilichoachia. Kama uzi wa cherehani umekatika na kanvasi ni nzima, umepona: rudia mshono kwa hatua fupi, uzi wa poliesta, mistari miwili sambamba. Kama kanvasi yenyewe inajifumua, ukingo ulikatwa mfupi. Mimi siachi chini ya sentimita 1.25. Kanvasi ya kusukwa kawaida, uzi juu uzi chini, hujifumua upesi kuliko ile ambayo nyuzi zake zimefungana kwenye kila makutano. Hiyo ya pili ndiyo ninayoipendekeza kwa maumbo yenye kona nyingi.

Ukingo ukiwa umebaki milimita 5 au zaidi, paka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo kwenye ncha tu, iache ikauke, kisha piga zigizaga juu yake. Ukiwa chini ya hapo, shona utepe mwembamba wa pamba nyuma ya mshono, kwa mkono, kila mshono ukikamata kanvasi mahali palipo imara.

Sasa ule mpasuko wa ndani ya kona, pale shingo inapokutana na bega. Unatokana na mkasi. Watu wameambiwa wachanje kona ili igeuke vizuri, nao wanachanja hadi kwenye mshono. Simamisha mkasi nyuzi 2 za kanvasi kabla ya mshono, na kabla ya kuchanja piga mashine mara ya pili pale kwenye kona. Bora zaidi, usikubali kona hiyo iwepo. Nafasi nyembamba kati ya mkono na mwili, au chini ya kidevu cha ngamia, ijaze kwa rangi ya usuli na ukate umbo la mviringo. Hakuna jicho litakalolalamika.

Uzi mmoja au miwili ya kanvasi ikikatika ndani ya eneo lililotariziwa, inatibika: fumua mishono inayozunguka jeraha, weka nyuma kipande cha kanvasi ileile chenye ukubwa wa nyuzi 6 zaidi kila upande, panga matundu yakae sawasawa juu ya matundu, kisha tarizi upya ukipitisha sindano kwenye tabaka zote mbili.

Simama hapa nyuzi zilizokatika zikizidi mbili, au tundu likiwa usoni mwa mtu. Uso ni mishono michache sana. Jicho zima linaweza kuwa mshono mmoja, na ukikosea tundu moja sura inabadilika.

"Uso una mabonde na vinundu."

Papasa kwa vidole vya mikono miwili, mbele na nyuma. Kinundu kinachohama ni pamba. Kisichohama ni fundo au mkia wa uzi uliobaki nyuma ya kanvasi, au pindo la mshono lililokunjana.

Pamba ndiyo kosa la wengi, hasa sufi. Nimekua nikilalia mito ya sufi na ninaipenda, lakini ndani ya pambo dogo hujikusanya madonge na hairudi juu ukiibonyeza. Tumia nyuzi za poliesta za mito, uzichambue kwa vidole ziwe kama wingu, uingize kidogokidogo kwa kijiti cha mbao butu, ukianzia kwenye kofia na mikono. Pambo likishashonwa, unaweza kusogeza kinundu kwa sindano ndefu butu uliyoipitisha kwenye tundu la mshono wa pembeni. Usipitishe sindano kali kwenye uso, maana itapasua nyuzi za kutarizi.

Kama mabonde yanafuata mistari ya kanvasi, uso haukuwekewa bitana. Tabaka moja la pamba bapa nyembamba kati ya kanvasi na kiini huficha mengi. Hilo haliwekwi bila kufumua, kwa hiyo amua kama linakusumbua kiasi hicho.

Madogo yanayobaki

Gundi ya vijiti vya kuyeyusha hulainika kwa joto. Niliwahi kumpelekea dada yangu nyumbani mtu wa theluji ambaye kitako chake nilikibandika kwa gundi hiyo. Alimweka dirishani, jua la mchana likampiga, kitako kikadondoka na kile kifuko cha gololi nacho. Kitako kishonwe. Gundi iwe ya kushikiza tu wakati unashona.

Kamba ya pembeni ikifanya mikunjo, umeivuta wakati wa kuishona. Ikifanya vitanzi, umeilegeza. Ilaze tu bila kuivuta, na ncha zake uzifunge kwa uzi kabla ya kukata, kisha uzifukie ndani ya mshono wa kitako.

Harufu ya uvundo na madoadoa meusi ni ukungu, na nyumba za pwani haziukosi. Madoa machache juu ya kitambaa cha mgongo, badilisha mgongo. Yakiwa ndani ya kiini, vaa barakoa, ufumulie nje ya nyumba, utupe kiini chote. Yakiwa kwenye uso uliotariziwa, usisugue, peleka kwa fundi. Baada ya sikukuu hifadhi pambo kwenye mfuko wa pamba, kamwe usilifunge kwenye nailoni.

Na wanaotaka taa ndani: taa ya umeme wa nyumba isiingie kwenye pamba hata mara moja, itawaka moto. Vile vitaa vidogo vya betri bapa vina hatari yake. Betri ya kifungo ikimezwa na mtoto inaunguza koo ndani ya saa chache, na huyo anakimbizwa hospitali bila kusubiri dalili. Kisanduku cha betri kiwe na skrubu, au usiweke taa.

Unapompelekea fundi

Huku Marekani maduka mengi hufunga orodha ya kazi za Krismasi miezi kadhaa kabla, mengine tangu kiangazi, kwa hiyo usisubiri Desemba. Nyumbani Afrika Mashariki fundi cherehani mzuri anaweza kukupigia mshono na kukukatia mgongo, hata kama hajawahi kuona kanvasi ya aina hii. Kaa naye wakati anaanza. Mwambie asiipige pasi usoni, asikate ukingo kabla ya kukuonyesha, na atumie sindano namba 14 au 16, kwa sababu nyembamba inavunjika kwenye kanvasi.

Mpelekee kazi ikiwa kavu, haijaoshwa, ukingo wake wote ukiwepo, imeviringishwa uso ukiwa nje, wala usiikunje. Ndani ya mfuko huohuo weka mabaki ya kila uzi uliotumia, hata sentimita 30 tu za kila rangi, na karatasi uliyoandika urefu unaoutaka kutoka kitako hadi kileleni.